Kuiga na Unyani

Mwaka 1974, nikiwa mwalimu kijana katika shule moja ya msingi kisiwani kwetu Mafia, nilitamka sentensi moja ambayo mpaka leo sijaimaliza kuilipia. Nilikuwa nimetoka darasani kwenda kuchukua chaki. Nikiwa njiani kurudi nikasikia sauti yangu mwenyewe ikitoka dirishani. Nilikohoa, nikaguna, nikaamuru wanafunzi wasome kwa sauti, nikawauliza kama masikio yao waliyaacha nyumbani. Nilipochungulia nikamwona mvulana wa darasa la tano amesimama mbele, mkono mmoja mgongoni, mwingine umeshika kijiti cha kuonyeshea ubao, mabega yameinuka vilevile ninavyoyainua mimi. Wenzake walikuwa hoi kwa kicheko.

Ndugu msomaji, leo ningesimama pale dirishani nikatazama mpaka mwisho. Siku ile niliingia kwa hasira. Nikamwambia, "Wewe ni nyani. Nyani ndiye aigaye asichokielewa." Darasa likacheka tena, lakini kicheko cha mara hii kilikuwa cha namna nyingine. Mtoto akaenda kukaa. Nilimfundisha miaka miwili zaidi, na katika miaka hiyo sikumbuki kuuona tena mkono wake ukinyooshwa kujibu swali.

Sentensi ile sikuitunga mimi. Niliirithi. Nilipokuwa sekondari huko bara, mwalimu wetu wa Kiingereza alifika siku moja kwenye kitenzi "ape", akahitaji mfano. Mimi nilikuwa mtoto wa Ndagoni aliyevuka bahari, nimesikia redioni jinsi Waingereza wanavyosema, nikawa najitahidi kuyatoa maneno kwa puani kama wao. Mwalimu akanitolea mfano mimi. Basi kwa muda uliobaki pale shuleni sikujitahidi tena kutamka. Nilisoma Kiingereza changu kimyakimya, kwa macho. Kwa hiyo siku niliyomkemea mtoto yule kwa kuiga, mimi mwenyewe nilikuwa naiga: neno lake, sauti yake, hata namna ya kuitazama hadhira baada ya kutamka. Insha hii ni jaribio la kulipa deni hilo, na kwa kuwa mimi ni mtu wa vitabu, nitaanza kulilipa kwa neno lenyewe.

Kitenzi "ape" kimetokana na jina la mnyama. Katika Kiingereza cha kale mnyama huyo aliitwa "apa", na neno hilo lina ndugu zake katika Kijerumani, "Affe", na Kiholanzi, "aap". Zamani halikutofautisha nyani na tumbili wala sokwe na kima. Wote walikuwa jamaa mmoja, kwani neno "monkey" liliingia katika Kiingereza karne ya 16 tu. Kitenzi chenyewe kilifuata katika karne ya 17, na maana yake ikawa kumfuatiza mtu kwa namna ya kijinga, au ya kumdhihaki, au ya kujipandisha mahali pasipo pako. Waingereza hawakuwa peke yao. Wafaransa kutokana na "singe" wamepata kitenzi "singer", Waitaliano wana "scimmiottare", Wajerumani "nachäffen", na vyote vinabeba mnyama yuleyule. Warumi wa kale nao walipenda kuchezea ufanano wa maneno mawili ya lugha yao, "simia", yaani nyani, na "similis", yaani enye kufanana. Katika Ulaya ya zama za kati wahubiri wa Kikristo walimwita shetani nyani wa Mungu, kwa kuwa huiga kazi ya Muumba asiweze kuumba kitu.

Hata hivyo jina hilo halikuwa tusi kila mahali. Wasanii wa Ulaya walisema sanaa ni nyani wa maumbile, na wakimaanisha sifa. Shakespeare, katika tamthilia yake The Winter's Tale, anamsifu mchongaji wa Kiitaliano kwa neno hilohilo. Tena Kiingereza kina vitenzi vingine vya jambo hilihili, vyenye heshima zao. Kipo "imitate", kilichotoka Kilatini na chenye udugu na neno la sanamu. Kipo "mimic", kilichotoka kwa waigizaji wa Kiyunani. Na kipo "emulate", kilichotoka katika neno la Kilatini lenye maana ya mshindani: kumwiga mtu ili umfikie, na ikiwezekana umpite. Tendo ni moja, majina manne. Anayechagua jina ni yule anayetazama, wala si yule anayetenda. Kijana wa Oxford akijifunza kusema kama Cicero ataambiwa anashindana na wakuu. Kijana wa Ndagoni akijifunza kusema kama kijana wa Oxford ataambiwa ni nyani.

Sasa tulitazame neno letu. Sisi twasema kuiga, na humo hamna mnyama yeyote. Kutoka humo tumepata mwigo, mwigizaji na maigizo, na hakuna anayeona haya kuitwa mwigizaji. Lakini ukitaka kulijua neno hili vizuri, panda uende bara mpaka maziwa makuu. Rwanda na Burundi, "kwiga" ni kusoma, kujifunza. Buganda, kujifunza ni "okuyiga", na kufundisha ni "okuyigiriza". Wahaya wetu wa Kagera husema "okwega". Wataalamu wa lugha za Kibantu wanayahesabu maneno haya kuwa ya shina moja na kuiga kwetu. Nilipolifahamu jambo hili nilikuwa mtu mzima mwenye wajukuu, na nilikaa kitako. Mtoto yule wa darasa la tano, kama angekuwa Kigali, kwa neno lilelile nililomkaripia ningekuwa nimesema tu kwamba anasoma!

Na huyu nyani tunayemsingizia, je, kweli huiga? Mwaka 2005 watafiti wawili, Victoria Horner na Andrew Whiten, walichapisha matokeo ya jaribio walilolifanya kwa sokwe wa kisiwa cha Ngamba, katika Ziwa Viktoria upande wa Uganda, pamoja na watoto wadogo wa Uskochi wa miaka mitatu na minne. Walitengeneza sanduku lenye zawadi ndani. Mtu mzima alilifungua mbele yao kwa kijiti, akifanya mambo yenye faida na mengine yasiyo na faida, kama kuchokoachokoa tundu la juu ambalo halikufika kwenye zawadi. Sanduku lilipokuwa halionyeshi ndani, sokwe waliyarudia yote. Lilipoletwa sanduku la kuonyesha ndani, wakaona dhahiri kwamba kuchokoa kule juu ni kazi bure, wakakuacha, wakaenda moja kwa moja kwenye zawadi. Watoto wa binadamu je? Waliendelea kuchokoa juu kama walivyoonyeshwa, ingawa waliona kwa macho yao kuwa hakuna maana. Kwa hiyo, msomaji wangu, aigaye hata asichokielewa ni binadamu. Sokwe aliyaacha yasiyomfaa.

Mtu anaweza kudhani hii ni aibu yetu. Mimi naona ndiyo siri yetu. Mtoto huiga hata asichokielewa kwa sababu anamwamini aliyemtangulia, na mambo mengi ya binadamu hayaeleweki mpaka kwanza yafanywe. Sisi Waislamu tulisimama nyuma ya wazee wetu katika sala tukiinama na kusujudu nao, kabla hatujajua maana ya neno hata moja tulilolitamka. Nendeni kisiwani Chole mkawatazame mafundi wa vyombo. Mwanagenzi hafundishwi kwa mchoro wala kwa kitabu. Hukaa miaka akitazama tezo inavyoshikwa, mkuku unavyolazwa, mataruma yanavyopangwa na pamba ya kalafati inavyopigwa, akayafuata yote, hata yale ambayo pengine ni mazoea tu ya fundi wake. Siku moja, chombo chake mwenyewe kikiwa majini, ndipo hujua lipi lilikuwa la lazima na lipi lilikuwa la fundi. Asingeiga yote, asingepata pa kuanzia kuchagua.

Basi nirudi ufukweni kwetu Ndagoni. Karibu nasi, kwenye ncha ya kisiwa inayotazama delta ya Rufiji, ndipo ulipokuwa mji wa kale wa Kisimani Mafia. Bahari imeula sehemu kubwa. Mwanahistoria Neville Chittick aliuchimba, na sisi watoto tulikuwa tukiokota vigae pale maji yanapotoka. Vingine vilikuwa vya vyungu vyetu, vingine vya vyombo vya kigeni vilivyopakwa rangi za kung'aa. Sikujua wakati huo kwamba vigae vya namna hiyo vinasimulia habari ya kuiga. Katika karne ya 9 vyombo vyeupe kutoka Uchina vilikuwa vikifika Iraki, na watu wa huko wakavitamani. Wafinyanzi wa Basra hawakuwa na udongo mweupe wa Wachina wala tanuri zenye moto mkali kama zao. Wakachukua udongo wao wa kawaida, wakaupaka utando mweupe uliochanganywa na madini ya bati, ili udanganye macho. Huo ulikuwa mwigo mtupu. Lakini juu ya weupe ule wakaona nafasi ya kuchora, wakachora kwa buluu. Vyombo vyeupe vya Iraki vimefukuliwa hata kwenye miji ya kale ya pwani yetu kama Manda na Shanga, katika visiwa vya Lamu. Na miaka mingi baadaye wafinyanzi wa Uchina wakaagiza rangi ya buluu kutoka nchi za Waislamu, wakatengeneza vile vyombo vya buluu na nyeupe ambavyo dunia nzima huviita vya Kichina. Nani hapo alimwiga nani?

Habari ya pili ni ya karibu zaidi. Mwezi wa Januari 1915 Waingereza waliiteka Mafia kutoka kwa Wajerumani. Walikihitaji kisiwa ili wairukishe ndege yao juu ya Rufiji, ambako manowari ya Kijerumani Königsberg ilikuwa imejificha, na tarehe 11 Julai mwaka huo manowari hiyo ikaangamizwa. Babu yangu alikuwa kijana wakati huo, na alikuwa akitusimulia jinsi mizinga ilivyosikika ng'ambo. Lakini jambo alilopenda zaidi kusimulia halikuwa mizinga. Lilikuwa gwaride. Baada ya vita alikwenda bara kutafuta kibarua, akarudi na filimbi, kofia yenye utepe na cheo cha sajini, ingawa hakuwahi kuwa askari hata siku moja. Alikuwa sajini wa beni.

Beni ni ngoma iliyozaliwa pwani ya kaskazini, Lamu na Mombasa, katika miaka ya 1890, na jina lake ni neno la Kiingereza la bendi. Vijana walichukua tarumbeta, ngoma kubwa, sare na mwendo wa kijeshi wa Wazungu, wakavitia katika jambo la kale la miji yetu, yaani mashindano ya mtaa na mtaa. Mombasa walikuwapo Kingi na Skochi. Tanganyika walikuwapo Marini, jina lenye harufu ya manowari, na wapinzani wao Arinoti. Kila kundi lilikuwa na mfalme wake, majenerali wake, madaktari wake. Askari na wapagazi wa vita vya 1914 hadi 1918 waliieneza mbali, mpaka Nyasa na Rhodesia ya Kaskazini.

Wazungu wengi walipoitazama waliona nyani. Walicheka kumwona kuli aliyevaa mkanda mweupe akijiita jenerali. Wengine hawakucheka, wakashuku kwamba chini ya sare hizo kuna njama, na baada ya mgomo wa wachimba shaba wa Rhodesia ya Kaskazini mwaka 1935 tume ya serikali iliuliza habari za ngoma hiyo. Ajabu ya mambo ni kwamba dharau na hofu vilikaa katika kichwa kimoja. Kama ni mwigo wa kijinga, kinachoogopwa ni nini?

Aliyetuandikia historia ya beni kwa makini ni Terence Ranger, aliyekuwa profesa wa historia Dar es Salaam katika miaka ya 1960. Katika kitabu chake cha mwaka 1975 alionyesha kwamba ndani ya vazi la kuazima mlikuwa na mambo ya wenyewe. Makundi yale yalizika maiti wa wanachama, yalitazama wagonjwa, yalimpokea mgeni aliyeshuka mjini asiye na jamaa. Babu hakusoma kitabu hicho wala kingine, lakini alikuwa akisema: "Mjukuu wangu, kule bara nilipougua, aliyeniletea uji alikuwa jenerali." Kwa maneno ya Kiingereza niliyoyataja hapo juu, watazamaji waliona "ape". Wenyewe walikuwa katika "emulate": wanashindana.

Najua msomaji mmoja atanipinga, na ana haki. Ataniambia: Je, hakuna kuiga kwa kipumbavu? Wahenga hawakusema kwamba mwiga tembo kunya hupasuka msamba? Hawakusema mwacha mila ni mtumwa? Naam, walisema. Na sisi tuliokuwa vijana katika miaka ya 1960 na 1970 tulikuwa na neno kali zaidi, kasumba, jina la kilevya kinacholaza akili, tukalitumia kwa yule aliyeona kila cha Mzungu ni bora kwa sababu tu ni cha Mzungu. Mwalimu Nyerere, katika hotuba yake ya kuwa Rais Desemba 1962, alisikitika kwamba wengi wetu tulijua kucheza rumba na chachacha lakini hatukujua gombe sugu, kiduo wala lelemama. Maneno hayo yamerudiwa mara nyingi. Lakini katika hotuba hiyohiyo alisema pia kwamba taifa linalokataa kujifunza kwa wengine ni taifa la wapumbavu na wendawazimu. Hayo hayarudiwi sana. Na lelemama yenyewe aliyoitaja kuwa yetu, akina mama wa Mombasa walipokuwa wakishindana kwayo, waliitia mambo waliyoyatoa katika beni.

Kwa hiyo sidai kuwa kila mwigo ni elimu. Nadai kwamba huwezi kuupima siku ya kwanza, na hasa huwezi kuupima kwa kumtazama anayeigwa ni nani. Pima baadaye, kwa kuuliza mwigaji amepata nini na amekitia wapi. Mfinyanzi wa Basra alipata mahali pa kuchora. Sajini wa beni alipata wa kumletea uji. Mwanagenzi wa Chole alipata chombo. Kasumba ni pale mtu anapoiga na kubaki palepale, mikono mitupu, akingoja aonyeshwe cha kuiga kesho. Lakini ukimkata mtu siku ya kwanza kwa kumwita nyani, hutajua kamwe angefika wapi. Ndivyo lilivyo kosa langu, na halikuwa dogo. Mtoto yule alikuwa ameikamata sauti yangu, mwendo wangu na kiburi changu cha miaka ishirini na minne kwa usahihi ambao mimi mwenyewe nisingeuweza. Alikuwa amenisoma. Katika darasa lile zima labda ni yeye peke yake aliyekuwa amenisikiliza.

Miaka mingi baadaye nilikutana naye gatini Kilindoni. Amekuwa mtu mzima, ana mvi, anafanya biashara ya samaki. "Shikamoo, mwalimu." Nikamwitikia marahaba. Alikuwa na wenzake, akawaambia, "Huyu ndiye mwalimu wangu niliyewahadithia." Wakamwomba awaonyeshe. Akanitazama kuniomba ruhusa, nami nikatikisa kichwa kukubali. Akaweka mkono mmoja mgongoni, akainua mabega, akakohoa. Ilikuwa sauti yangu ya mwaka 1974, haikupungua hata chembe. Akasema, "Wewe ni nyani. Nyani ndiye aigaye asichokielewa."

Watu wote gatini wakacheka, nami nikacheka pamoja nao. Nilikuwa nimemfundisha hesabu, siasa, kilimo na Kiswahili kwa miaka mitatu, na alichokihifadhi neno kwa neno kilikuwa hicho. Nikamwomba radhi mbele ya wenzake. Akasema, "Aa, mwalimu, hayo ya zamani," akabeba tenga lake, akashuka mashuani. Nilitamani kumweleza habari ya "kwiga" na ya sokwe wa Ngamba, lakini mashua ilikuwa inaondoka.